Wanaolala nje Nairobi: tunayodhani na yalivyo

Ukipita Muthurwa au Gikomba alfajiri utawakuta wakikunja maboksi waliyolalia. Tunawaita chokoraa, jina la kufukuzia, kisha mengine yote tunayajaza kwa kukisia.

Tunadhani wote ni watoto waliotoroka nyumbani. Waliotoroka wapo, na wengi walikimbia kipigo au njaa. Lakini sensa ya kitaifa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani, 15,337 kati yao Nairobi, na iliitwa sensa ya familia za mitaani kwa sababu nzuri: wamo akina mama waliokulia barabarani na sasa wanalea papo hapo. Mtoto wa mama kama huyo hakutoroka kokote.

Hilo la kuwaita wavivu ndilo linaloniuma zaidi. Asubuhi moja nilisimama karibu na mnunuzi wa vyuma chakavu na plastiki. Kijana wa miaka kama kumi na sita akatua gunia lililomzidi kimo. Alikuwa ameanza kuokota saa tisa usiku, kabla lori la taka halijapita. Chupa zikapimwa, akapewa sarafu, akazihesabu mara mbili. Akanunua mandazi mawili. Moja alilila akiwa amesimama, la pili akalifunga kwenye gazeti ampelekee mdogo wake. Jua lilikuwa bado halijachomoza.

Gundi wanayonusa nayo tunasema ni starehe. Waulize wenyewe, watakwambia inasahaulisha njaa na baridi, na baridi ya Julai si mchezo kwa aliyelala kwenye simiti. Inadhuru ubongo, ni kweli. Ila ukimnyang'anya mtoto kichupa chake bila kumpa chakula wala blanketi, umemwachia njaa na baridi ile ile.

Halafu kuna suluhisho ambalo kila mtu analo mdomoni: wakusanywe kwa lori, wapelekwe mbali. Hurudi, maana riziki yao iko mjini. Mwaka 2003 serikali iliunda hazina ya kuzisaidia familia hizi, na baadhi ya vijana wakapelekwa kujifunza ufundi katika NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa. Hiyo ilikuwa njia bora kuliko lori. Lakini kipo kizuizi ambacho sisi wenye nyumba hatukioni: kitambulisho. Ukifika miaka 18 unaulizwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Aliyezaliwa kando ya barabara, na mama yake pia hana kitambulisho, aanzie wapi? Bila hicho hawezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo hana M-Pesa. Wenye nyumba wanasita kumpangisha, na kazi ya kuandikwa haipati.

Mtoto akizaliwa nje ya hospitali, taarifa ya uzazi hutolewa kwa naibu wa chifu. Kama kuna mama mwenye kichanga anayelala karibu na duka lako, msindikize huko mapema, kabla mtoto hajakua bila karatasi.