Silikanti si samaki aliyegandishwa

Kila ninapofungua droo ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na kumwonyesha mgeni alama ya silikanti kwenye jiwe, swali huwa lile lile: "Kwa hiyo huyu hajabadilika kwa miaka milioni mia nne?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika.

Mwishoni mwa 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia makumbusho madogo mjini East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini kuangalia samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Katika rundo hilo aliona pezi la buluu lisilofanana na la samaki yeyote anayemjua. Wataalamu wakati huo waliamini ukoo mzima wa silikanti ulitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith alimtambua akampa jina la kisayansi, Latimeria. Wavuvi wa Komoro, ambao ndoana zao zilimnasa mara mojamoja, walikuwa na jina lao tayari: gombesa.

Je, hajabadilika? Amebadilika. Miamba inatuonyesha silikanti wa maji baridi, silikanti wadogo wa kutosha kiganja, majitu yaliyompita huyu wa leo mara mbili kwa urefu, na mmoja wa Kanada mwenye mkia wa panda kama wa samaki wa mbio. Spishi mbili tulizonazo leo hazijapatikana kwenye jiwe lolote. Kilichodumu ni ukoo na ramani ya mwili: fuvu lenye kiungo katikati, na mapezi manene yenye mifupa na misuli, ambayo huyapiga kwa kupishana kama mnyama atembeaye kwa miguu minne.

Jina "visukuku hai", wanaloitwa silikanti na viumbe wengine wa aina yake, tumelirithi kwa Charles Darwin, baba wa nadharia ya mageuko. Mwaka 1859 alilitumia akizungumzia, miongoni mwa wengine, samaki wa Amerika Kusini mwenye mapafu, ndugu wa kamongo wa Afrika. Na kamongo ndiye ninayempenda kuliko wote. Maji yanapokauka huchimba tope kwa mdomo, akilitafuna na kulitoa kupitia matundu ya matamvua. Akishafika chini hujikunja hadi mkia umfunike uso. Ute unaomtoka mwilini hukauka ukawa kifuko. Nimewahi kukishika kikiwa kitupu: chembamba kama karatasi, rangi ya kahawia, na tundu moja tu mahali palipokuwa na mdomo. Kwa tundu hilo huvuta hewa miezi na miezi, akijilisha misuli yake mwenyewe. Amonia, ambayo samaki wengi huitoa majini, ingemuua humo ndani, hivyo huigeuza kuwa urea na kuilimbikiza mpaka mvua inyeshe. Jenomu yake, yaani jumla ya vinasaba vyake, nayo imefura hadi kuizidi ya binadamu zaidi ya mara kumi. Mnyama wa namna hiyo utasemaje amesimama?

Tuatara, mtambaazi wa New Zealand anayeitwa naye kisukuku hai, wengi humwita mjusi, lakini si mjusi. Ni wa mwisho wa kundi lililoenea duniani enzi za dinosaria, na mayai yake huchukua mwaka mzima au zaidi kuanguliwa. Joto la udongo ndilo linaloamua jinsia: likizidi, huzaliwa madume.

Mwendo huo wa polepole ndio unaoninyima usingizi. Mwaka 2021 watafiti walichunguza magamba ya silikanti kwa mwanga maalumu wakaona pete nyembamba zilizokuwa hazionekani, wakazihesabu kama zihesabiwavyo pete za mti. Samaki tuliyedhani huishi miaka 20 hivi, kumbe hufikia karibu 100. Hukomaa akiwa na miaka 50 na ushei, na jike hubeba mimba takriban miaka mitano.

Tanga, ambako hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilianzishwa mwaka 2009, wengi wamenaswa na jarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu. Akivutwa kutoka maji ya ubaridi hadi juu penye joto hufa baada ya saa chache. Na jike wa miaka arobaini anayefia kwenye jarife bado hajazaa hata mara moja.