Ardhi ya kahawia: si lazima iwe chafu, wala tupu

Kila mradi wa ujenzi unapotangazwa kwenye kiwanda kilichofungwa, maneno huwa yale yale: ni ardhi ya kahawia, imelala bure, imejaa sumu, ni tupu. Haya matatu ya mwisho husemwa kana kwamba yamo ndani ya lile la kwanza. Hayamo.

Ardhi ya kahawia ni ardhi iliyokwisha kujengwa, basi: kiwanda, bohari, yadi ya treni, gati, kituo cha umeme. Imeitwa hivyo ili itofautiane na ardhi ya kijani, yaani shamba au uwanda ambao haujawahi kubeba jengo. Wapangaji wa miji huipenda kwa sababu nyepesi: ukijenga palipojengwa, shamba linabaki shamba, na barabara, maji na umeme aghalabu vimeshafika.

Tuanze na "imelala bure". Sera ya mipango miji ya Uingereza inaitambua kuwa ni ardhi ambayo ina, au iliwahi kuwa na, jengo la kudumu, pamoja na kiwanja kinacholizunguka. Hilo "ina" halikuponyoka kalamu. Ghala linalopakia malori asubuhi ya leo ni ardhi ya kahawia sawasawa na gofu lisilo na paa. Bustani za nyumba za mjini, kwa upande mwingine, ziliondolewa kwenye fasili hiyo mwaka 2010. Majengo ya kilimo hayahesabiwi, wala eneo ambalo mabaki ya jengo lake yameshamezwa na mandhari. Kwa maneno mengine, ardhi ya kahawia ikiachwa muda wa kutosha inaweza kuacha kuwa ya kahawia, jambo ambalo wauzaji wa viwanja huwasikii wakilitaja.

Kuhusu sumu, lawama si zote za wasemaji. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 inaieleza kuwa ni mali ambayo upanuzi, uendelezaji au matumizi yake mapya yanaweza kutatizwa na kuwepo, au uwezekano wa kuwepo, kwa kemikali hatari au uchafuzi. Fasili ya Uingereza haisemi lolote juu ya uchafuzi. Huko ardhi yenye sumu ina utaratibu wake, chini ya Sheria ya Hifadhi ya Mazingira ya 1990, na kiwanja kinaweza kuwa cha aina moja bila kuwa cha nyingine. Watu huazima fasili ya Marekani kueleza kiwanja cha Uingereza, kisha wanaogopa udongo ambao hakuna aliyeupima. Na hata hao Wamarekani wameandika "uwezekano".

Isitoshe, sumu iliyothibitishwa si hukumu ya kubomoa kila kitu. Kule Seattle, Marekani, kiwanda cha kuzalisha gesi kutokana na makaa na mafuta kilifungwa mwaka 1956. Msanifu wa mandhari Richard Haag alikataa kung'oa minara yake, akashikilia kwamba mafuta yaliyozama ardhini yanaweza kuliwa na bakteria palepale iwapo udongo utachanganywa na vitu vya kuwalisha. Bustani ya umma ilifunguliwa mwaka 1975, minara ikiwa imesimama. Kazi ya kusafisha haikuisha siku hiyo, na isingeweza kuisha, lakini historia ya mahali haikupelekwa jalalani pamoja na lami.

Neno linaloharibu mambo hasa ni "tupu". Kiwanja kilichoachwa kina sifa ambazo shamba la kisasa halina: udongo maskini, kifusi cha zege chenye chokaa, kokoto zinazoshika joto la jua, madimbwi ya msimu, na hakuna anayenyunyiza dawa. Udongo wenye rutuba huwapa nafasi mimea michache yenye nguvu ikafunika mingine yote. Udongo maskini hauna mbabe, hivyo maua ya aina nyingi huchipua kwa zamu, na wadudu wanakula kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho wake. Mchanga ulio wazi ndipo nyuki wapweke, wale wasioishi kwenye mzinga, wanapochimba mashimo yao. Nchini Uingereza makazi ya namna hii yamo kwenye orodha ya yale yanayopewa kipaumbele cha uhifadhi, na jina lake rasmi linataja wazi kwamba ni ardhi iliyowahi kujengwa.

Mfano unaojulikana sana ni Canvey Wick, Essex, Uingereza. Mchanga na tope kutoka Mto Thames vilimwagwa juu ya malisho ili kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta, kisha mradi ukatelekezwa miaka ya 1970 kabla hata tone moja halijasafishwa. Vijana wakapita na pikipiki, moto ukawaka hapa na pale, na vurugu hiyo ikazuia vichaka visifunge kila mahali. Wataalamu walipokwenda kutazama walikuta zaidi ya aina 1,000 za wadudu na jamaa zao, akiwemo nyuki bambi adimu (nyuki mnene mwenye manyoya) aitwaye Bombus sylvarum. Mwaka 2005 eneo likapewa hadhi ya kulindwa kisheria. Sasa fikiria mtu mwenye nia njema anakuja hapo, anamwaga udongo mweusi, anatandika nyasi na kupanda miti mitatu kwa mstari. Pamekuwa kijani, na karibu kila kilichokuwa na thamani kimezikwa.

Kosa hili lina bei kwenye makaratasi pia. Tangu Februari 2024, miradi mingi mikubwa huko Uingereza inatakiwa kuiacha bioanuwai, yaani wingi wa aina za mimea na wanyama, ikiwa bora kwa angalau asilimia 10 kuliko ilivyokutwa, na kuitunza kwa miaka 30. Lakini mkaguzi akipita mbio na kuandika kwamba eneo lote ni sakafu ya zege, hesabu inaanzia sifuri, na asilimia 10 ya sifuri mnaijua.

Urithi wa majengo unaangukia shimo hilohilo, kwa sababu anayeona "tupu" haoni ghala la matofali wala reli iliyofukiwa. Na mara nyingi jengo la kale na mnyama ni suala moja. Kituo cha umeme cha Battersea, London, kiliacha kufua umeme mwaka 1983, na kozi, ndege wawindaji, wakaweka kiota juu yake. Ukarabati ulipoanza ilibidi wajengewe mnara wao wa muda. Popo nao hujificha kwenye nyufa za kuta zilezile ambazo mtaalamu wa mambo ya kale anataka zibaki. Ndiyo maana ukaguzi wa aina zote mbili hutangulia tingatinga, na wa popo unasubiri miezi ya joto hata kama mwenye mradi ana haraka.

Berlin walilifanya vizuri zaidi kuliko wengi. Yadi ya kupangia mabehewa ya Tempelhof ilisimama kufanya kazi mwaka 1952, na msitu ukaota katikati ya reli. Ulipokuja mpango wa kujenga yadi mpya ya mizigo, wakazi walipinga. Mwaka 2000 ekari hizo zikafunguliwa kama hifadhi ya Südgelände, reli zikiwa mahali pake, mnara wa maji umesimama, na njia za kutembelea zimeinuliwa ili miguu isikanyage mimea. Hawakulazimika kuchagua kati ya chuma na ndege.

Hakuna katika haya kinachosema tusijenge. Sera ya Uingereza ya 2012 ilihimiza ardhi hii itumike tena, ikaongeza sharti fupi: iwapo haina thamani kubwa ya kimazingira. Viwanja vingi havina, na nyumba zinastahili kwenda huko kabla ya kugusa mashamba.

Kwa hiyo ukisema "ardhi ya kahawia", umesema tu kwamba hapa pamejengwa. Kama udongo una sumu, sema una sumu, na utaje ni ipi. Kama hakuna anayepatumia, sema pameachwa. Neno "tupu" ningeomba lisubiri ripoti ya mtu wa wadudu.