Je, wajua kwa nini kinyago kikavu cha Mombasa hupasuka kikihama?

Twiga wa mwarobaini ananunuliwa Changamwe, anafungwa kwenye gazeti na kupelekwa Nakuru kwa shangazi, au Ujerumani kwa rafiki. Wiki chache baadaye picha inatumwa kwa simu: ufa umeshuka kutoka shingoni hadi tumboni. Hapo lawama huja kwa mpangilio uleule. Kwanza, mchongaji ameuza mti mbichi. Pili, ule ni mti hafifu uliopakwa rangi, kwani mpingo wa kweli haupasuki. Tatu, hakikupakwa nta ya kutosha. Mara nyingi hakuna hata moja iliyo kweli, na anayeumia ni mchongaji ambaye hakukosea lolote.

Tuanze na ubichi. Wengi tunadhani mti hukauka mara moja tu, basi umekauka. Sivyo. Mti uliokatwa hutoa maji kwa hatua mbili. Kwanza hutoka maji yaliyojaa ndani ya seli, na hapo gogo hupungua uzito tu, umbo lake likabaki lilivyo. Unyevu ukishafika karibu asilimia 28 au 30 ya uzito wa mti mkavu kabisa, yanaanza kutoka maji yaliyoshikamana na kuta za seli zenyewe, na kuta hizo husinyaa. Huko kusinyaa ndiko kunakozaa nyufa.

Sasa, mti hukauka mpaka ulingane na hewa unamokaa, kisha husimama. Hewa ya Mombasa kwa wastani ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na katika hewa hiyo mti hutulia kwenye asilimia 14 hivi. Uache rafuni miaka kumi, hautashuka chini ya hapo. Nairobi utashuka hadi 11 au 12. Katika sebule ya Ulaya yenye hita mwezi wa Januari, ambamo unyevu wa hewa unaweza kuanguka hadi asilimia 30, mti huelekea asilimia 6 au 7.

Chukua kinyago cha gramu 650 kilichotulia Mombasa kwa asilimia 14. Ndani yake mna gramu 570 za mti mtupu na gramu 80 za maji. Kipeleke kwenye sebule ile, kitashuka hadi gramu 610. Nusu ya maji yake imetoka. Kwa hiyo mchongaji aliyekwambia ni kikavu alisema kweli tupu: kilikuwa kikavu kwa Mombasa.

Dhana ya mpingo nayo imeshika mizizi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na uzito huo huwafanya watu waamini hauwezi kupasuka. Waulize wapigaji wa klarineti, ala inayotengenezwa kwa mti huohuo, jinsi wanavyohofia ufa wanapotoka kwenye baridi na kuanza kupuliza. Mpingo hupitisha maji polepole mno, hivyo ngozi yake huweza kukauka huku tumbo likiwa bado na maji. Ni kweli wapo wanaopaka mti mwepesi rangi nyeusi ya viatu na kuuita mpingo. Ukitaka kujua, kwaruza chini ya kitako kwa ncha ya kisu: mpingo ni mweusi wa zambarau hadi ndani, isipokuwa ule utepe wa rangi ya maziwa ulio chini ya gome. Lakini udanganyifu huo ni kesi nyingine. Hauelezi ufa.

Na nta? Nta na rangi ya viatu huzuia matone ya maji, ila mvuke hupita. Zinachofanya ni kuchelewesha. Kuchelewesha kuna faida kubwa, kama tutakavyoona, lakini hakuna kipako cha karakanani kinachofunga mti usipumue.

Basi kwa nini kusinyaa kulete ufa, badala ya kinyago kuwa kidogo tu kila upande? Kwa sababu mti hausinyai sawasawa. Kwa urefu wa gogo husinyaa kidogo mno. Kutoka katikati kwenda kwenye gome husinyaa kiasi. Kuzunguka duara la gogo husinyaa takriban mara mbili ya hapo. Fikiria gurudumu la baiskeli: spoki ni ule upana wa kutoka katikati kwenda nje, ringi ni mzunguko. Sasa amuru spoki zipungue kwa asilimia 1 na ringi ipungue kwa asilimia 2. Ringi inataka kuwa fupi kuliko spoki zinavyoiruhusu. Spoki hazirudi nyuma zaidi, ringi hainyooki, na mvutano unakua mpaka ringi ikatike mahali pamoja. Ikishakatika, gurudumu zima linapumua, ndiyo maana kinyago mara nyingi hupata ufa mmoja mkubwa badala ya nyufa ndogo ishirini.

Hesabu yake ni rahisi. Gogo la kipenyo cha sentimita 10 lina mzunguko wa milimita 314. Tofauti ya asilimia 1 ni milimita 3. Huo ndio upana wa ufa unaoweza kuutarajia gogo hilo likihama kutoka asilimia 14 hadi 7, kama ni mti wa kusinyaa wastani.

Tazama sasa gurudumu lile likipasuliwa katikati kwa urefu, lipoteze kitovu chake. Nusu duara inaweza kujifunga kidogo bila kuvunjika, maana hakuna tena spoki za upande wa pili zinazoizuia. Hapa ndipo ustadi wa mchongaji unapoonekana. Fundi mzoefu hupasua gogo na kutupa kitovu, yaani ule uzi laini wa katikati, kabla hajachora mnyama. Bakuli hulitoa kwenye nusu gogo. Barakoa huikomba nyuma hadi unene wa sentimita 2 au 3, na watu hudhani ni kwa ajili ya wepesi wa kubeba. Kukomba huko ndiko kunakoiokoa. Mnyama mnene aliyechongwa kwenye tawi zima, kitovu kikipita katikati ya kifua, ndiye mwenye hatari kubwa.

Tatizo ni kwamba mti wenyewe umebadilika. Uchongaji huu wa Wakamba huanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ushirika wa wachongaji Wakamba wa Changamwe ulianzishwa 1963. Miaka mingi tegemeo lilikuwa mpingo na muhugu, ule wenye harufu nzuri, ambao mwingi ulitoka msitu wa Arabuko-Sokoke mpaka magogo makubwa yakaadimika. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Ni uamuzi mzuri, na unastahili kuungwa mkono na kila mnunuzi. Ila mwarobaini wa kukatwa uani kwa mtu ni mfupi, umepinda, na vipande vingi ni matawi. Tawi lililolala lina mti uliovutwa upande wake wa juu, na mti huo husinyaa hata kwa urefu. Kinyago chake hakipasuki tu, hujipinda.

Unaweza kuuliza mbona gogo lisiachwe likauke kwanza. Kanuni ya mafundi seremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na ni kanuni ya kukadiria tu. Gogo la inchi nne lingesubiri miaka minne. Mchongaji amelinunua leo kwa pesa taslimu, na karo haingoji. Tena mti mbichi hukatika vizuri kwa tezo. Mwarobaini mkavu huumiza kiwiko na kumaliza makali.

Kwa hiyo karakanani hufuatwa njia ya katikati. Gogo hupasuliwa bichi, umbo hutolewa kwa shoka na tezo, na huachwa nono kwa karibu sentimita moja kila upande. Ncha za juu na chini hupakwa nta au gundi nyeupe, kwa kuwa maji hutoka kwenye ncha hata mara kumi upesi kuliko ubavuni. Kisha umbo hufukiwa kwenye maranda, kivulini, wiki kadhaa. Anayelianika juani ili liwahi oda hulipasua siku hiyohiyo: ngozi husinyaa huku tumbo limejaa maji. Baada ya hapo ndipo kisu, tupa na msasa huingia, kuanzia namba 80 hadi 240 au zaidi. Ufa ukitokea hatua hii hujazwa unga wa mbao na gundi, na mnunuzi hauoni. Mwelekeze mnyama kwenye mwanga wa pembeni: palipojazwa hapana mistari ya mti.

Kabla ya kulipa, geuza kinyago uangalie kitako. Ukiona duara kamili zenye nukta katikati, kitovu kimo. Ukiona mistari inayopinda upande mmoja kama sehemu tu ya duara, kitovu kimetupwa, na hicho ndicho cha kusafiri nacho. Chini pia huandikwa namba ya mwanachama wa ushirika, ambayo ndiyo humpatia mchongaji malipo yake. Usiifute, ukimhitaji fundi huyo tena utampata kwayo.

Kikifika kwenye hewa kavu, kiache ndani ya mfuko wa karatasi uliofungwa, ndani ya mfuko wa plastiki wenye matundu machache. Kipime kwa mizani ya jikoni kila Jumapili. Uzito ukishuka haraka wiki ya kwanza, punguza matundu. Usipobadilika kwa wiki mbili, kitoe, lakini kiweke mbali na hita, kiyoyozi na dirisha lenye jua. Mafuta ya kitani au nta ya nyuki, tabaka jembamba, husaidia kukipunguzia kasi.

Kama umechelewa na ufa umeshafunguka, usiujaze upesi. Subiri uzito utulie, kisha ujaze kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mti uleule, si kwa gundi ngumu. Kinyago kikirudi Pwani, au hewa ikipata unyevu msimu wa mvua, mti utavimba na ufa utataka kujifunga. Nta itabonyea ikatoka nje kidogo, uikwangue. Gundi ngumu haibonyei. Itasukuma, na ufa mpya utafunguka pembeni yake.