Je, daktari huandika dawa za sonona kwa faida ya kiwanda?

Wengi huamini hivyo, na shaka yao ina mizizi. Mwaka 2012, kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline ilikubali kulipa dola bilioni 3 nchini Marekani kwa makosa kadhaa, likiwemo la kunadi Paxil, dawa yake ya sonona, itumiwe na watoto bila idhini. Inauma. Lakini kosa la kampuni haligeuzi dawa kuwa maji. Uchambuzi wa 2018 ulikusanya majaribio 522 ya dawa 21 kwa watu wazima wenye sonona. Kila moja ilishinda vidonge bandia visivyo na dawa ndani, ingawa kwa kiasi cha wastani tu.

Basi muulize daktari wako: nitaimeza kwa muda gani, ina madhara gani, tutaiachaje? Usiikatishe ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwani mwili huizoea.