Eneo la kihistoria ndani ya bustani ya jiji: maana yake na namna linavyoanzishwa

Bustani ya umma ikishatengwa, wengi hudhani kazi ya kuilinda imekwisha. Ina jina, ina mipaka, ni mali ya wananchi wote, nani ataigusa? Mara nyingi anayeigusa ni jiji lenyewe. Balboa Park ya San Diego, kusini mwa California, ilitengwa mwaka 1868 ikiwa na ekari 1,400. Leo zimebaki kama 1,200. Zilizopungua zilimegwa kidogokidogo kwa ajili ya barabara kuu, shule, hospitali ya jeshi la majini na mengineyo, na kila kipande kilipochukuliwa kilikuwa na sababu nzuri ya kuchukuliwa. Hata mali ya umma, kwa hiyo, huhitaji ulinzi wa ziada, na mojawapo ya aina za ulinzi huo ni eneo la kihistoria.

Eneo la kihistoria ni sehemu iliyochorewa mpaka kwenye ramani, ambamo majengo, viwanja, njia, miti na nafasi wazi huhesabiwa kwa pamoja kuwa kitu kimoja chenye thamani. Ndani ya mpaka huo sheria huweka utaratibu wa kufuatwa kabla ya chochote kubomolewa, kuongezwa au kubadilishwa. Uzito wote uko kwenye hilo neno "pamoja". Sanamu au mnara wa kumbukumbu unaweza kulindwa peke yake, na hapo umbali wa hatua kumi kutoka kwenye mnara si shauri la mtu. Eneo hulindwa kwa sababu ya namna vitu vyake vinavyokaa: jengo hili linatazamana na lile, uwanja uko katikati, daraja linakuleta kutoka upande fulani na si mwingine. Ukiondoa kimoja, vilivyobaki hupoteza sehemu ya maana yake hata kama havijaguswa.

Nchini Marekani dhana hii ilianza kwenye mitaa ya makazi. Charleston, South Carolina, ilipitisha sheria ya eneo la kihistoria mwaka 1931, ikiwa ya kwanza nchini humo. Mwaka 1966 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya taifa ya kuhifadhi urithi, ikaanzisha sajili ya taifa inayotambua majengo, maeneo ya matukio, vitu, na pia maeneo mazima ya aina hii. Bustani nazo zikaingia. Central Park ya New York ilikwisha kutambuliwa na taifa mwaka 1963, bustani nzima, kwa kuwa ilisanifiwa yote kama kazi moja. Balboa Park haikuwa hivyo. Humo kuna makorongo, kiwanja cha gofu, bustani maarufu ya wanyama, na katikati kuna barabara pana ya waenda kwa miguu iitwayo El Prado. Swali la nini kilindwe na nini kiachwe nje ndilo lililohitaji kujibiwa kwanza.

El Prado ilijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915, ya kusherehekea kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama. Msanifu Bertram Goodhue aliipa sura ya mji wa Kihispania: minara, kuta zilizosheheni nakshi, mabaraza yenye matao. Majengo machache yalikusudiwa kudumu, kama vile Jengo la California na mnara wake, pamoja na daraja la Cabrillo linalovuka korongo. Mengi yaliyobaki yalikuwa ya mbao na plasta, ya kusimama kwa muda wa maonyesho kisha yabomolewe. Hayakubomolewa. Watu wa San Diego waliyazoea, wakayapenda, wakachanga fedha za kuyakarabati, na mwaka 1935 yakatumika tena kwa maonyesho mengine. Lakini plasta haisubiri mapenzi ya watu. Kufikia miaka ya 1960 baadhi yalikuwa yakivunjwa na nafasi zake kuchukuliwa na majengo ya kisasa. Makumbusho ya Timken, iliyofunguliwa mwaka 1965, ni mojawapo ya hayo.

Uvunjaji huo ndio uliowaamsha watu. Mwaka 1967 Bea Evenson aliunda Kamati ya Mia Moja, kundi la wananchi waliotaka mtindo wa Kihispania ubaki El Prado. Mwaka huohuo jiji lilianza kutunga orodha yake ya mahali pa kihistoria, na namba moja kwenye orodha hiyo ikawa eneo la El Prado. Miaka kumi baadaye, Desemba 1977, taifa nalo likalitambua kuwa alama ya kihistoria ya kitaifa, daraja la juu kabisa la utambuzi nchini humo.

Kazi yenyewe ya kuanzisha eneo kama hili ni ya makaratasi zaidi ya watu wanavyofikiri. Lazima kwanza ielezwe sababu: tukio, mtu, usanifu, au ushahidi wa maisha ya kale. Hutajwa kisha kipindi ambacho umuhimu wake umejikita. Kwa El Prado ni miaka ya maonyesho yale mawili. Baada ya hapo watafiti hupita jengo kwa jengo, uwanja kwa uwanja, na kuandika kila kimoja kama kinachangia thamani ya eneo au hakichangii. Jengo la mwaka 1965 linaweza kuwa ndani ya mpaka na bado lisihesabiwe. Linabaki pale, linatumika, ila siku likitakiwa kubadilishwa masharti yake ni mepesi. Kwa kawaida Wamarekani husubiri kitu kitimize miaka 50 ndipo wakifikirie, ili sifa za msimu zipungue kwanza. Mwishowe huchorwa mpaka, hutolewa taarifa kwa umma, watu husikilizwa, na chombo chenye mamlaka hupitisha au hukataa.

Katika hatua zote hizo, mimi naona mpaka na orodha ya vinavyochangia ndivyo vinavyostahili macho makali kuliko hotuba za uzinduzi. Kosa la kawaida ni kuandika majengo na kusahau ardhi iliyo kati yake. Balboa Park isingekuwa ilivyo bila Kate Sessions, mkulima wa miche na maua. Mwaka 1892 alipewa na jiji matumizi ya ekari 30 hivi ndani ya bustani kwa kitalu chake, naye kwa malipo akaahidi kupanda humo miti 100 kila mwaka na kulipa jiji miche mingine 300 ya kupandwa kwingine. Hapo awali palikuwa vichaka na udongo mkavu. Miti, kivuli na mandhari ya korongo unapovuka daraja ni urithi sawasawa na nakshi za Goodhue, na visipoandikwa siku ya kwanza, hakuna wa kuvitetea siku ya mradi.

Je, hadhi ya kitaifa inazuia nini? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kuandikwa kwenye sajili ya taifa ya Marekani hakumzuii mwenye mali, hata akiwa ni jiji, kubomoa kwa fedha zake mwenyewe. Serikali kuu hulazimika kupima athari pale tu inapotoa fedha au kibali chake. Meno halisi yapo kwenye sheria ya jiji na ya jimbo: bodi ya urithi, kibali cha ujenzi, tathmini ya mazingira.

Meno hayo yalijaribiwa mwaka 2012. Baraza la jiji la San Diego lilipitisha mradi, ukiungwa mkono na bilionea Irwin Jacobs, wa kuondoa magari kwenye Plaza de Panama, uwanja ulio katikati ya El Prado ambao kwa miaka mingi ulikuwa maegesho. Lengo lilikuwa jema. Lakini njia iliyochaguliwa ilikuwa kujenga daraja jipya litakalochomoka kutoka kwenye daraja la Cabrillo na kupeleka magari pembeni hadi kwenye maegesho mapya ya kulipia. Shirika la uhifadhi la Save Our Heritage Organisation likaenda mahakamani. Mwaka 2013 jaji akasema jiji halikutimiza sharti la sheria yake lenyewe, kwamba ionyeshwe kuwa mahali hapana matumizi ya maana bila mradi; uwanja ule ulikuwa bado unayo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo. Gharama nazo zikazidi kupanda, zikavuka dola milioni 70, na mwaka 2019 mradi ukaachwa.

Kilichonigusa zaidi katika kisa hiki kilitokea katikati ya kesi. Mwaka 2013, baada ya hukumu ya kwanza, jiji liliondoa maegesho uwanjani kwa kuchora upya mistari ya barabara na kuweka vyungu vikubwa vya mimea. Watoto wakaanza kukimbia mahali palipokuwa na magari. Daraja la Cabrillo halikuguswa. Ucheleweshaji ambao watetezi wa urithi hulaumiwa kwao ulitoa nafasi ya kuonekana kwa njia nyepesi iliyokuwapo tangu mwanzo.

Afrika Mashariki tunajua upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kusimama ndani ya Uhuru Park, Nairobi, aliandika barua kwa ofisi za serikali na kwa wafadhili wa nje, kisha akaenda mahakamani. Mahakama ikamwambia hana haki kisheria ya kufungua shauri lile. Bustani ilipona kwa sababu ya ujasiri wake na kwa sababu wafadhili walijitoa. Hakukuwa na utaratibu ambao raia wa kawaida angeweza kuushika na kudai jengo lile lipimwe kwanza. Utaratibu huo ndio hasa unaonunuliwa kwa kazi yote ile ya ramani na orodha.

Zanzibar mpangilio ni wa kinyume: bustani iko ndani ya eneo linalolindwa. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria ya hifadhi ikaja 1994, na mji ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Forodhani, bustani ya miaka ya 1930 iliyo mbele ya Ngome Kongwe, ilikarabatiwa kwa fedha za Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Ukifika pale jioni unakuta moshi wa mishikaki, meza za pweza na kamba, juisi ya miwa ikikamuliwa na ndimu na tangawizi, na vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Bustani hiyo bila wauzaji wake ingekuwa nyasi na taa tu. Ndiyo maana orodha nzuri ya urithi hutaja pia matumizi ya mahali, kisha ikaeleza moshi, taka na mafuta vitashughulikiwaje, badala ya kuwafukuza watu ili kuokoa mawe.

Nao ulinzi wa karatasi hauzibi paa linalovuja. Hatua chache kutoka Forodhani, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa na kila hadhi inayoweza kutolewa, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kwa hiyo tangazo la aina hii likitolewa kuhusu bustani ya mjini kwenu, omba kuona ramani na orodha yake kabla muda wa maoni haujaisha. Angalia kama miti na viwanja vimeandikwa, kama wanaofanya biashara humo wametajwa, ni ofisi gani yenye uwezo wa kukataa mradi, na fungu la matengenezo ya kila mwaka linatoka wapi.