Kilo 38 kwenye mizani ya samaki

Mzigo wangu wa kwanza wa safari ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupigwa kasia, niliupimia kwenye mizani ya samaki. Ilikuwa mwaloni Igombe, wanaposhushia samaki upande wa Mwanza wa Ziwa Victoria, saa mbili asubuhi, wachuuzi wa dagaa wameshaanza kupungua. Mnunuzi mmoja wa sangara aliona nahangaika na mifuko, akaniambia niitundike kwenye ndoano tuone. Tukapima mmoja mmoja, tukajumlisha: kilo 38. Na safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu, kwenda Kayenze na kurudi.

"Kaka, unahama?" akaniuliza.

Nilikuwa nimefuata orodha niliyoitoa mtandaoni, ya wapiga kasia wa baharini, tena wa nchi za baridi. Sikuacha kitu hata kimoja. Ilipofika saa saba mchana upepo wa ziwani ukaamka, ukanipiga ubavu wa kushoto, na pua ya kayaki ikawa inageukia ziwani kila nikiirudisha njiani. Napiga kasia mara tano, tatu zinaishia kusahihisha njia. Nilifika Kayenze viganja vimechubuka na bega la kushoto linawaka moto.

Nilipofungua chumba cha mizigo cha mbele nikamkuta mchawi: madumu mawili ya lita kumi kumi, yamejaa maji ya kunywa. Uzito ule ulikuwa umeizamisha pua na kuinua mkia. Pua iliyozama imeshika maji na haisogei, mkia ulio juu upepo unausukuma utakavyo, basi chombo kizima kinageuka kama mshale wa upepo wa juu ya paa na kuutazama upepo. Nilikuwa nimebeba lita 20 za maji kuvuka ziwa la maji yasiyo na chumvi lenye karibu kilomita za mraba 69,000. Hadi leo nikilikumbuka hilo najicheka.

Siku hizi nawaongoza watu kwenye safari za namna hiyo, na mzigo wangu wa siku tatu ni kama kilo 15. Sijapata vifaa vya ajabu. Nilichofanya ni kuisoma upya ile orodha ya baharini nikiwa nimeketi ufukweni kwetu.

Nianze na maji, maana ndiyo mazito kuliko yote. Baharini mtu huhesabu kama lita nne kwa siku, na hana pa kuongezea. Hapa natoka na lita tatu, nyingine nazichota njiani. Ila kuchota kuna masharti. Nachota nikiwa mbali na ufukwe, penye kina, mbali na mji na mialo. Nikiona maji ya kijani kibichi, yale yanayofanana na rangi ya ukutani iliyomwagika, sichoti hata nikiwa na kiu ya kufa. Ule utando wa kijani unaweza kuwa na sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa dawa ya klorini, na kwenye Ghuba ya Mwanza huonekana mara kwa mara. Kwa hiyo safari za kuzunguka ghuba nabeba maji ya nyumbani yote, nakubali uzito. Za visiwani ndiko ninakookoa kilo.

Halafu kuna kichocho. Kile kijidudu hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukweni, kikaingia kupitia ngozi, si lazima unywe. Ndiyo maana buti za mpira hazitoki kwenye orodha yangu hata zikiwa nzito na mbaya kuzitazama. Ni za kupandia na kushukia. Kuna watu hushuka na kandambili, maji ya magotini, majani yamewazunguka, kisha wananiuliza dawa gani ya maji ni bora! Ukirudi, baada ya miezi miwili hivi nenda kapime. Matibabu yapo.

Baada ya maji ni chakula, na hapa nina upendeleo wa wazi. Wageni huja na vyakula vya mifuko vilivyokaushwa kiwandani, bei yake ukiisikia unakaa chini. Sisi tuna michembe. Bibi zetu wa Kisukuma walimaliza somo hili zamani: viazi vitamu unavimenya, unavikata vipande vyembamba, unavianika juu ya mwamba mpaka vikauke kabisa. Matobolwa ni ndugu yake, ila hayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, kwa hiyo unaweza kuyatafuna hivyo hivyo ukiwa umeketi kwenye kayaki bila kuwasha moto. Michembe naipika jioni na karanga za kusaga, sufuria moja, na dagaa wakavu wachache pembeni. Kwa siku moja chakula changu chote hakizidi robo tatu ya kilo, na maji ya kukipikia yako ziwani. Jiko ni la kopo dogo la gesi. Mkaa ni mwepesi lakini ukilowa umelala njaa, na ule mtungi wa kilo tatu usiniletee, kilo tatu hizo ni za gesi peke yake, chuma bado.

Nguo sina maneno mengi. Jozi moja ya kulowa, jozi moja ya kulalia, sweta, kofia pana. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku kibaridi kipo hata kama mchana umeungua. Taulo siku hizi sibebi. Khanga moja inakausha mwili, inakuwa shuka, inakuwa kivuli mchana, na ikianikwa kwenye upepo inakauka upesi. Chandarua hakina mjadala, Kanda ya Ziwa malaria tunaijua.

Sasa, kuna vitu ambavyo sipunguzi hata gramu, na hapo ndipo watu wa "mzigo mwepesi" hunikosea. Jaketi la kuokolea maisha linavaliwa na kufungwa, halifungwi nyuma ya kiti kama mto. Najua joto. Najua pia utakachoniambia, kwamba umezaliwa hapa na kuogelea ulianza kabla ya kusoma. Mwanza ni mji uliozika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, na 2018 tukalia tena na kivuko cha MV Nyerere kule kisiwani Ukara, kwa hiyo hapo sibishani. Kwenye jaketi pananing'inia filimbi. Simu iko kifuani ndani ya mfuko usiopitisha maji, umefungwa kwa kamba. Kisu kidogo na tochi ya kichwani viko mwilini pia. Nasisitiza mwilini kwa sababu kayaki ikipinduka na upepo ukaichukua, vyote vilivyomo ndani yake vimekwenda nayo, na wewe umebaki na ulichovaa.

Vya kufikiwa kwa mkono ni pampu ya kutolea maji, kasia la akiba na mfuko wa hewa wa kuvalisha kasia ili upande tena. Mara moja nilimkuta mwanafunzi wangu amefungia pampu yake chumba cha nyuma, chini ya sufuria. Nilimwambia apinduke hapo hapo, mita kumi kutoka ufukweni, aitafute. Hakurudia.

Kuhusu kulala, hema langu lina kilo mbili na kidogo. Niliwahi kujaribu turubai na chandarua pekee ili niokoe kilo moja, nikajuta. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri, nchi kavu ikipoa kuliko maji, na mvua yake hainyeshi kwa kushuka tu, inakuja ubavuni. Unapochagua pa kulala tafuta kwanza njia za viboko: majani yaliyolala, nyayo, kinyesi kilichotawanywa. Usiku wanatoka kula, na hema likiwa njiani mwao hawazunguki. Kayaki ivute juu kabisa. Kupwa na kujaa kwa maji ya ziwa ni kudogo mno huwezi kukuona, jambo ambalo watu wa bahari hutuonea wivu, lakini upepo ukivuma usiku kucha kuelekea upande wako mawimbi yatapanda mpaka kwenye chombo chako. Kayaki yangu ya plastiki ina kilo 25. Ukiongeza 15 ni 40, naiburuta peke yangu mchangani. Ukiongeza 38 unamwita mvuvi, na mvuvi aliyekesha na dagaa ana haki ya kukukatalia.

Upakiaji wenyewe: mifuko mingi midogo na mirefu, si mmoja mnene, kwa sababu tundu la chumba ni la kipenyo cha sahani na mfuko mnene utagoma kuingia. Vizito chini, karibu na kiti, mbele na nyuma. Khanga, sweta na chandarua viende kwenye ncha. Juu usifunge kitu zaidi ya kasia la akiba, kila kinachosimama juu ni tanga usilolitaka. Na kama kayaki yako uliizoea Dar au Tanga, ujue hapa itakaa chini kidogo zaidi kwa mzigo ule ule. Maji ya chumvi hubeba zaidi, tofauti ni kama asilimia mbili na nusu.

Ukimaliza kupakia, iache ielee, vaa buti zako, simama pembeni uitazame kwa ubavu. Nataka mkia uwe chini kuliko pua kwa upana wa kidole. Kama pua imelala, hamisha sufuria na unga kwenda nyuma, tazama tena. Fanya hivyo kungali na giza, kwa tochi, ili saa kumi na mbili na nusu uwe tayari majini, maana ziwa limetulia hadi saa nne hivi na baada ya hapo upepo una ratiba yake.