Je, wajua kwa nini kiwanda cha sukari hupata umeme na joto kutokana na moto mmoja?

Msimu wa kusaga miwa unapoanza, kiwanda cha sukari huhitaji umeme wa kuendeshea vinu na pampu, na zaidi ya hapo huhitaji mvuke mwingi wa kuchemshia juisi ya miwa. Viwanda kama TPC cha Moshi, Tanzania, na Kakira kilicho karibu na Jinja, Uganda, hupata vyote viwili kwa kuchoma makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa, na umeme unaozidi huuzwa kwenye gridi ya taifa. Inawezekanaje, ilhali makapi hayo hutoka kinuni yakiwa yamelowa, karibu nusu ya uzito wake ikiwa ni maji?

Jibu limo katika tabia ya maji yenyewe. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzijoto 30 hadi 100 huhitaji takriban kilojuli 290, lakini kuyageuza maji hayo yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke huhitaji kilojuli nyingine zipatazo 2,260. Ndiyo maana sufuria ya chai huchemka upesi, ila kukauka kwake huchukua muda mrefu. Moto wa makapi huchemsha maji ndani ya boila, na mvuke wake huzungusha turbini, yaani gurudumu lenye mapanga linaloendesha jenereta ya umeme. Mvuke huo hutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye shinikizo dogo, na katika mwendo huo hunasa sehemu ndogo tu ya nishati. Iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, hutoka na mvuke upande wa pili, wala haiachiliwi mpaka mvuke urudi kuwa maji. Katika kituo cha kawaida cha umeme wa mvuke, joto hilo hutupwa mtoni, baharini au hewani, na kwa sababu hiyo vituo vingi vya aina hiyo hugeuza kuwa umeme kiasi cha asilimia 30 hadi 40 tu ya nishati ya kile kilichochomwa.

Kiwanda cha sukari hakiutupi mvuke huo. Unapotoka kwenye turbini ukiwa bado na nyuzijoto zaidi ya 120, mabomba huupeleka kwenye matangi ya kuchemshia, ambako kuna kazi kubwa: juisi yenye asilimia 15 ya vitu vilivyoyeyuka ikikolezwa hadi asilimia 65, kila kilo 100 hubaki kilo 23 tu za shira, na kilo 77 zote ni maji ya kuondolewa. Matangi hupangwa kwa mfululizo ili mvuke unaofuka kutoka kwenye juisi ya tangi moja uchemshe tangi linalofuata, lenye shinikizo dogo zaidi. Mpango huo ulipewa hataza, yaani haki rasmi ya ubunifu, nchini Marekani mwaka 1843, na mbunifu wake alikuwa Norbert Rillieux wa Louisiana, aliyezaliwa na mama mwenye asili ya Kiafrika.

Mitambo bora inayozalisha joto na umeme kwa pamoja hutumia asilimia 80 au zaidi ya nishati ya kuni, gesi au makaa, mradi awepo wa kulitumia joto hilo, tena awe karibu, kwa kuwa joto halisafiri mbali kama umeme. Jijini Copenhagen, Denmaki, maji ya moto kutoka kwenye mitambo ya namna hiyo hupita chini ya barabara kwenda kupasha nyumba za watu. Dar es Salaam hakuna anayehitaji huduma hiyo, hivyo katika nchi zetu mteja wa joto ni kiwanda.

La kushangaza ni kwamba zamani wenye viwanda vya sukari hawakujali sana ubora wa boila. Makapi yalikuwa mengi kuliko haja yao, na boila iliyoyateketeza yote iliwaondolea kero ya kutafuta pa kuyatupa. Mambo hubadilika pale umeme wa ziada unapopata mnunuzi, kwa sababu hapo boila ya shinikizo kubwa huanza kurudisha gharama zake. Mumias, magharibi mwa Kenya, ilianza biashara hiyo mwaka 2009 kwa kuuza hadi megawati 26. Hata hivyo, miwa ilipoadimika, makapi nayo yaliadimika, na umeme huo ukakatika hata kabla ya kiwanda kukabidhiwa meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, mwaka 2019.